Jina la Kenya huko ng'ambo linajengwa na nani, na sisi watu wa Amu (Lamu) tumo?

NahodhaShela aliuliza:

Asalaam aleikum jamaa, natumai mko wazima huko mliko. Nina swali limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa na nimeona nilitoe hapa manake humu kuna waliosoma na kuna watu wa kazi na wote nawahitaji.

Mi ni nahodha, nina dau langu hapa Shela, jioni natoa wageni kuangalia jua likizama na wakitaka siku nzima twaenda Manda Toto kuogelea na kuangalia samaki, ama Takwa kuona magofu tukivizia maji yajae ndo tuingie ule mkono wa mikoko. Mwezi uliopita nilikuwa na buking ya wageni sita kutoka Ulaya, siku nne mfululizo. Mwenye kazi hii anajua siku nne za watu sita wakati kusi, ule upepo mkali wa kusini, yabisha hodi ni kitu kikubwa, baada ya hapo ni kuvuta chombo mtangani na kungojea. Basi nikajitayarisha, nikampa fundi tanga alishone pale lilipochanika, nikanunua kamba mpya, nikampa mvuvi arubuni anitolee changu na nguru wa kuchoma. Siku mbili kabla hawajafika meseji ikaingia. Wanasema nahodha samahani sana, serikali yetu imetoa tahadhari kuhusu kusafiri Lamu na kampuni ya bima yasema tukija na tukipata shida lolote haitulipi, kwa hiyo tumebadilisha tunaenda kwengine. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jeti, nikaisoma mara tatu, maji yakaja yakanilowesha viatu sikuondoka.

Sikuwalaumu wale watu, waliandika kwa adabu kabisa. Kilichonichoma ni kwamba wiki hiyo hiyo mpwa wangu alinionyesha vidio ya kuitangaza Kenya kwa wageni, na picha ya kwanza kabisa, kabla ya simba, kabla ya mlima, ni dau la Amu na tanga jeupe likipita mbele ya Shela. Lile dau nalijua, na kijana aliyeshika usukani namjua pia, ni jirani. Picha yetu yazunguka dunia nzima lakini mgeni akitaka kuja kwa mwenye picha anaambiwa na serikali yake asije. Hapo ndo nikaanza kujiuliza, hivi hii kazi ya kujenga jina la nchi huko nje ni ya nani, inafanywa vipi, na mbona hizi habari mbili hazikutani? Kwa redio naskia wakisema diplomasia ya umma, nini hasa?

Na kitu cha pili, nikijiangalia mwenyewe, mi sijawahi kufika Italia wala China wala Uturuki lakini nina picha zao kichwani, nyengine nzuri nyengine mbaya. Nani aliniwekea? Nisaidieni kwa lugha ya kueleweka.

---

MaalimMld alijibu:

Waaleikum salaam nahodha, na pole sana kwa hiyo hasara, arubuni ya mvuvi hairudi najua. Nilifundisha historia hapa Malindi miaka mingi na hili jambo nalipenda kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Diplomasia ya kawaida ni serikali kusema na serikali. Balozi na waziri wanaingia chumbani, mlango unafungwa, wakitoka wanapeana mikono mbele ya kamera. Diplomasia ya umma ni pale serikali inaporuka ule mlango ikaja kusema na wewe raia wa nchi nyengine moja kwa moja, kwa redio, kwa nafasi za masomo, kwa kufundisha lugha yake, kwa filamu na mpira na maonyesho, ili uione kwa jicho zuri, na ukishaiona kwa jicho zuri basi hata serikali yako itakuwa rahisi kuelewana nayo. Jina hili kwa maana hii lilianza kutumika 1965 na Edmund Gullion, aliyekuwa mwanadiplomasia wa Marekani kabla ya kwenda kuongoza chuo cha diplomasia cha Fletcher. Halafu 1990 profesa Joseph Nye akaleta lile neno wengi wanalitafsiri nguvu laini, yaani kumfanya mtu atake unachotaka wewe bila kumpiga na bila kumlipa.

Lakini jina ndilo la juzi, kazi yenyewe ni kongwe na sisi watu wa Malindi tuliifanya kabla hao hawajazaliwa. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga, zawadi ya kumpa mfalme Yongle. Twiga, nahodha! Hebu wewe mtu wa chombo nipe hesabu, mnyama mwenye shingo ile anasafirishwa vipi kwenye bahari ya Hindi, anakula nini, anakunywa maji ya wapi, mawimbi yakichafuka anashikwa na nani. Wachina walipomwona wakasema huyu ndiye qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao ambaye hutokea tu panapokuwa na mtawala wa haki. Malindi ulikuwa mji mdogo unaoshindana na Mombasa, lakini kwa mnyama mmoja ukajulikana kwenye jumba la mfalme mkubwa kuliko wote wa zama hizo. Na angalia akili iliyotumika, hawakupeleka kitu ambacho wao ndo wanakiona cha thamani, walipeleka kitu ambacho *yule anayepokea* ana maana nacho. Wale waliokuja baadaye na Vasco da Gama 1498 walipopata ubaya Mombasa wakapokelewa vizuri Malindi na wakapewa mwongoza njia wa kuwafikisha India, hiyo nayo ilikuwa sera, japo yaliyofuata kwa pwani yetu kutoka kwa Wareno tunayajua.

Sasa turudi kwa picha zako kichwani. Mi zangu nyingi niliwekewa na redio. Baba yangu alikuwa na redio ya mbao, kifuniko chake ni kitambaa alichodarizi mama, na ilikuwa haiguswi na mtoto. Miaka ya 1950 Cairo ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa yatangaza kwa Kiswahili ikiwashambulia wakoloni, wazee walikuwa wakikusanyika barazani kuiskiza, na Waingereza wakaona hatari, 1957 BBC nayo ikaanza Kiswahili. Radio Peking ikafuata 1961, Wajerumani wa Deutsche Welle 1963. Fikiria, mataifa makubwa yote hayo yanashindana kusema na mzee wa Malindi kwa lugha yake mwenyewe! Hakuna aliyefanya hivo kwa mapenzi ya bure. Lakini baba alikuwa na mizani yake, alikuwa akifungua mbili tatu usiku mmoja kwa habari ile ile, na ile aliyoikuta inaficha kitu anachokijua yeye mwenyewe kwa macho, aliiacha hakuirudia tena. BBC ilidumu kwake kwa sababu ilikuwa yasema hata mabaya ya Uingereza. Hiyo ndo siri kubwa ya hii kazi, na serikali nyingi haziiwezi kwa sababu kila waziri anataka asifiwe tu.

Kuhusu swali lako hasa. Nahodha, vidio ile na tahadhari ile hazikutani kwa sababu zinasema na watu wawili tofauti. Vidio inasema na mgeni, imemfanya apende, na imefaulu, alibuki! Tahadhari inaandikwa na ofisa wa wizara ya nje ya kwao kwa ajili ya raia wake, na anayeisoma kwa makini kuliko wote ni mtu wa bima. Serikali ikiandika usiende mahali fulani, bima nyingi za safari zinakufa hapo hapo. Yule ofisa hatabadilishwa na picha ya tanga, atabadilishwa na taarifa za usalama, ramani, na watu wetu wa ubalozi kule London na Berlin na Roma wanaomgongea mlango kila mwezi. Waingereza kwa mfano walifika mahali wakatenganisha kisiwa cha Lamu na Manda na sehemu za bara zilizo karibu na mpaka wa Somalia. Ule mstari mmoja kwenye maandishi yao ni wa thamani kuliko mabango mia.

---

BintiSiyu alijibu:

Maalim Mungu akuweke, hiyo ya twiga nitawasomea wanangu leo usiku.

Mi nazungumzia China kwa sababu imetugusa kwetu Pate. Kule Siyu na Shanga wazee tangu zamani husimulia kwamba kuna mabaharia wa Kichina chombo chao kilivunjika kwenye miamba wakaogelea hadi nchi kavu wakaoa na kubaki. Ilikuwa ni hadithi ya jioni tu, hakuna aliyeifuatilia. Alafu 2005 China ikawa yaadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya yule amiri wao Zheng He, na msichana mmoja wa kwetu ambaye familia yake inasema inatokana na hao mabaharia akapewa nafasi ya kwenda kusoma udaktari wa Kichina, gharama zote juu yao. Kisiwa kizima kilitetemeka! Msichana wa Pate, mahali ambapo mimi kwenda shule ya upili nilipanda mashua nikavushwa na nikalala kwa watu. Kisha wakaja wataalamu wao pamoja na wa makumbusho yetu wakachimba Mambrui na Malindi, na mwaka 2013 wengine kutoka Marekani waliokuwa wakichimba Manda wakatangaza wamepata sarafu ya huyo huyo mfalme Yongle wa maalim, duara ndogo yenye tundu la mraba katikati.

Nyanya yangu alikuwa na bakuli la Kichina kwenye zidaka (vile vishubaka vya ukutani), buluu na nyeupe, limepasuka ukingoni na kuunganishwa na pini za chuma, akituambia hili ni la mama yake mama yangu, msilishike. Kabla ya 2005 lilikuwa bakuli tu. Baada ya hapo kila nikiliona nawaza, kumbe tulijuana na watu hawa kabla ya Mzungu. Sasa hiyo fikra niliingiziwa na nani? Nikijibu kweli, iliingizwa na serikali ya China kwa nafasi moja ya masomo na koleo za kuchimbia, na sioni ubaya, manake kitu walichokigusa kilikuwepo kweli. Hawakubuni bakuli la nyanya. Ni kama maalim alivosema, walileta kitu chenye maana kwa anayepokea.

Lakini hapo hapo. Ikaja bandari ya Lamu, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, aliyejenga ni kampuni ya Kichina, na wakati wa kuchimba kina mikoko na matumbawe viliharibika, wavuvi wakaenda mahakamani na 2018 mahakama kuu ikaamua wavuvi karibu 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kosa la kutouliza watu lilikuwa zaidi la serikali yetu, tuseme ukweli, lakini mvuvi aliyeona maji yamegeuka tope hatofautishi, kwake yeye ni Mchina. Mjomba wangu ambaye alikuwa akijigamba na hadithi ya mabaharia, sasa ukimtajia China ananyamaza anaangalia nyavu zake. Miaka ya kujenga jina ikafutwa na tope la miezi.

Na mnakumbuka habari ya makaa ya mawe? Juni 2019 baraza la mazingira lilipofuta leseni ya ule mtambo wa umeme wa makaa uliopangwa kujengwa Lamu, balozi wa Marekani wa wakati ule alikuwa mtandaoni anatetea makaa, watu wa Lamu wakamjibu kwa hasira sana. Balozi wa China naye, wakati pesa za mradi zilikuwa zitoke kwao, akakutana na wale wanaoupinga, akawaskiza na kuwaambia uamuzi ni wa Wakenya. Kukaa chini na kuskiza, saa moja pengine. Mi siko upande wa nchi yoyote, lakini ukiniuliza nani alijua kazi yake siku ile, jibu ni wazi.

---

Mkomani77 alijibu:

Naheshimu waliotangulia lakini mi naona tunaipa hii kitu heshima kubwa kuliko inavyostahili. Jina la nchi halijengwi na ofisi. Hebu angalieni, 2008 serikali ikaunda bodi ya Brand Kenya, 2019 ikaunganishwa na ya kukuza mauzo ya nje ikawa wakala mmoja, sera ya mambo ya nje ya 2014 nayo imeandika nguzo tano na utamaduni ni mojawapo na Wakenya wa ng'ambo ni nyengine, makaratasi tunayo ya kutosha. Sasa niambieni Kenya inajulikana kwa nini duniani? Eliud Kipchoge kule Vienna Oktoba 2019, alikimbia marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, dunia nzima ilisimama kumwangalia. Wangari Maathai na Nobel yake 2004, ambaye serikali ya Moi miaka ya nyuma ilimpiga virungu. Martin Kimani, aliyekuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa, kwenye baraza la usalama Februari 2022 akizungumzia Ukraine na mipaka tuliyoachiwa na wakoloni, hotuba ya dakika chache ikazunguka dunia nzima. Wa kwanza mkimbiaji, wa pili mwanaharakati, wa tatu ndio peke yake alikuwa akisema kwa niaba ya serikali na alichofanya ni kusema kitu cha kweli kwa maneno mazuri.

Na mnakumbuka 2015 kabla Obama hajaja, CNN wakatuita kitovu cha ugaidi? Nani aliyewajibu? Ni Wakenya kwa simu zao, #SomeoneTellCNN, mpaka mkubwa mmoja wa CNN akapanda ndege mwezi uliofuata akaja Nairobi kuomba radhi. Hakuna bodi iliyoweza kufanya hivo.

Alafu tuje nyumbani. Nahodha unaulizia kwa nini jina letu ni baya, 2011 wageni walitekwa huku kwetu, 2014 Mpeketoni watu waliuawa, ikawekwa marufuku ya kutotoka usiku na wavuvi wakazuiwa bahari usiku, nyumba ngapi zililala njaa Amu hii. Mzungu hakuyabuni hayo. Ukitaka jina zuri tengeneza mambo yenyewe, linda watu, jenga barabara ipitike bila msafara wa askari, jina litakuja lenyewe.

---

MaalimMld alijibu:

@Mkomani77 mwanangu hapo kwa matendo tuko pamoja kabisa, nchi haiwezi kupaka rangi ukuta unaobomoka. Lakini ile ya "jina litakuja lenyewe" siikubali, haliji lenyewe. Barabara ya Lamu imebadilika sana ukilinganisha na miaka kumi nyuma, lakini je, yule ofisa wa kule anajua? Ataambiwa na nani? Mtu akishaandika jambo kwenye faili linakaa humo mpaka aje mtu mwenye ushahidi alitoe. Tendo zuri lisilosimuliwa na mtu anayeaminika ni sawa na halikutendeka, kwa yule aliye mbali.

Na Kimani hakuokota ile hotuba njiani. Kenya ilipigania kile kiti cha 2021 na 2022 miaka kadhaa, ikazunguka kuomba kura, ndo akapata meza ya kusemea. Kipchoge pia, amekimbia mwenyewe kwa miguu yake lakini kuna nchi ambazo mtu kama huyo zingemgeuza darasa, zingeleta watoto wa shule wa nchi tano waje kukaa Iten, mji wa wakimbiaji, mwezi mmoja warudi kwao wakituita ndugu. Sisi tulimpokea tukampigia makofi.

Angalia jirani zetu Tanzania, 2022 rais Samia mwenyewe akaingia kwenye kipindi cha Royal Tour na mwandishi wa Kimarekani, akazunguka naye nchi, akaenda Marekani kukizindua. Mtu anaweza kubisha kama ni kazi ya rais. Lakini kiongozi mwenyewe kusema karibuni nitawatembeza kwangu, hiyo ni lugha inayoeleweka na kila binadamu, ni ukarimu wa Mswahili umepandishwa kwenye kioo.

---

Kasim_Casuarina alijibu:

Salaam zenu. Mi ni muongoza watalii hapa Malindi na Kiitaliano ndo mkate wangu, nilijifunzia ufuoni nikiwa na miaka kumi na mbili kwa kusikiza tu, sikuwahi kukaa darasani.

Swali la nani aliweka picha ya Italia kwenye vichwa vya watu wa Malindi nalijibu hivi, serikali yao ilianza, watu wao wakamaliza. Walianza na mambo ya anga, Ngomeni pale baharini kuna zile jukwaa za San Marco za kurushia roketi, profesa Luigi Broglio alizileta miaka ya 1960, na tarehe 12 Disemba 1970, siku yetu ya Jamhuri, ikarushwa kutoka pale setilaiti ya Wamarekani na wakaipa jina Uhuru. Setilaiti ya kwanza kabisa duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na jina lake ni neno la Kiswahili! Baba yangu mdogo alikuwa kibarua kule, alikuwa akilisema hilo jina kifua mbele hadi anazeeka. Angalia, jina tu, halikugharimu hata senti, na mzee kafa nalo moyoni.

Basi mafundi wale wakaja na wake zao, wakaita ndugu zao, nyumba zikajengwa, mahoteli, aiskrimu, mpaka ukifika sokoni muuza maembe anakutajia bei kwa Kitaliano. Hakuna wizara iliyokaa Roma ikapanga muuza maembe ajue lugha yao. Lakini pia picha haikubaki nzuri tupu, kuna wengine walikuja na tabia zao, wasichana wetu wadogo wakaharibika, na mwanakijiji wa Ngomeni mpaka leo akiangalia zile jukwaa anajiuliza yeye kapata nini. Kila mgeni anayeishi kwa watu ni balozi wa kwao hata kama hana bendera, na sisi vilevile. Mgeni akishuka Malindi akazungukwa na vijana kumi wakimvuta mkono nunua hiki panda boti hii, anarudi kwao na picha hiyo, na hakuna tangazo litakaloiondoa. Siku hizi kwenye kikundi chetu tumekubaliana mgeni anasalimiwa na mtu mmoja, akisema hapana tunamwacha apite. Wiki mbili za mwanzo wenzangu walinilaumu kwamba nimewanyima riziki. Sasa kuna mama mmoja wa Bologna anakuja kila mwaka ananiletea na jirani zake.

Nahodha, bado una namba za wale wageni sita? Waandikie. Usiwaombe waje, wajulie hali tu.

---

NahodhaShela alijibu:

Wallahi mmenifungua macho, sikutarajia watu watakaa waandike hivi. Maalim ile ya kwamba vidio ilishafaulu na kilichokwama ni bima, sikuwahi kuifikiria, nilikuwa nimeyachanganya yote kwenye hasira moja. Na dada wa Siyu, yule mjomba wako anayeangalia nyavu nimemuona kabisa, nina wenzangu watatu wako vilevile.

Kasim nilifanya ulivyosema. Nilimwandikia yule aliyebuki, nikamwambia tanga nimeshona na nikampigia picha ya ule mshono, nikamwambia kusi imeingia chombo nimekivuta nakipaka sifa (mafuta ya samaki), tukijaliwa kaskazi ikirudi tutakuwa baharini. Akajibu siku ya pili. Asema ameisoma tena tahadhari ya kwao neno kwa neno, imeandika "kaunti ya Lamu" bila kutaja kisiwa wala bara, na amewaandikia watu wa bima kuwauliza kama Shela imo, manake kwenye ramani yao yote imepakwa rangi moja nyekundu kuanzia mpakani hadi huku kwetu. Sasa mi nimekuwa na wazo, nimeongea na manahodha wenzangu na wenye gesti tatu, tukae tuandike barua moja, tueleze kisiwa kiko wapi na bara iko wapi, doria ziko vipi, wageni wangapi tumewatoa msimu uliopita na wamerudi salama, kila mmoja alete daftari lake. Mi daftari langu lina tarehe na majina tangu 2016, lina madoa ya mafuta ya taa lakini lasomeka.

Nachouliza sasa ni hii barua inapelekwa wapi kwanza, kwa ubalozi wao Nairobi moja kwa moja ama lazima ipitie kaunti?

---

MaalimMld alijibu:

Peleka kote kwa siku moja nahodha. Nakala moja kwa ofisi ya utalii ya kaunti wagonge muhuri wa kupokea, moja kwa wizara yetu ya mambo ya nje, na moja kwa ubalozi, uandike juu yake "kwa ofisa anayeshughulikia raia wenu wanaosafiri" manake huyo ndo anayeulizwa na kwao kabla tahadhari haijaandikwa upya. Usiombe waifute yote, bara bado kuna shida na wao wanajua, ukiikana hawatakuamini hata kwa lililo kweli. Omba watenganishe kisiwa na bara kama Waingereza walivofanya, na waalike waje wajionee, wakija uwatembeze wewe mwenyewe kwa dau lako. Daftari piga picha kila ukurasa, na hayo madoa yaache.

Majina ya wageni lakini funika, hayo ni amana.

---

BintiSiyu alijibu:

Mi nitawaandikia kwa Kiingereza na binamu yangu aliyeko Hamburg ataiweka kwa Kijerumani kama wataka. Nitumie rasimu kabla ya Ijumaa, Jumamosi niko Amu, nitapita jeti ya Shela baada ya alasiri tuisome pamoja na wale wenzako.